Kamera ya Babu Haikutoka Burma

Ukoo mzima wa upande wa mama uliamini kuwa kamera ile ilitekwa vitani. Babu alirudi nayo kutoka Burma, ndivyo tulivyoambiwa, kaiviringisha ndani ya blanketi la jeshi baada ya kumnyang'anya ofisa wa Kijapani. Sisi watoto wa Temeke Mikoroshini tuliwatambia wenzetu kwa hadithi hiyo. Kamera yenyewe ilikaa juu ya kabati, ndani ya kopo la biskuti, na aliyethubutu kuigusa alikiona cha mtema kuni.

Mwaka huu mama mdogo, anayeishi Kinondoni, kanikabidhi kopo lile. "Wewe ndiye unayehangaika na picha," aliniambia. "Ichukue isije ikatufia mikononi."

Ikiwa imekunjwa, unaweza kudhani ni kitabu kidogo cha chuma kilichovikwa ngozi nyeusi. Bonyeza kitufe, na mlango wa mbele unaanguka, lenzi inachomoza yenyewe huku ikivuta nyuma yake mvukuto wa mikunjo mingi, kama ule wa mhunzi, ila huu hauzidi upana wa kiganja. Juu pameandikwa Mamiya Six. Siku tatu nzima niliifuta vumbi kwa kitambaa na kijiti cha meno, na siku ya tatu nikaona maandishi madogo ya Kiingereza yaliyochongwa kwenye chuma: imetengenezwa katika Japani iliyokaliwa.

Maneno hayo machache yaliibomoa hadithi yetu. Japani ilisalimu amri Agosti 1945, ikawa chini ya majeshi ya washindi yaliyoongozwa na Marekani hadi Aprili 1952. Katika miaka hiyo bidhaa zake nyingi za kuuzwa nje zilipigwa chapa hiyo. Kamera hii iliundwa babu akiwa ameshavua gwanda, amesharudi Dar es Salaam.

Hata hivyo, ukoo wa kamera hii ni wa vitani kweli. Seiichi Mamiya alianzisha kampuni yake Tokyo mwaka 1940, nchi yake ikiwa tayari mwaka wa tatu vitani huko China, na Mamiya Six ndiyo kamera aliyoanza nayo. Kwenye kamera nyingi za kukunja, ukitaka sura itoke kali, unasogeza lenzi. Mamiya aliiacha lenzi itulie. Mgongoni mwa kamera kuna gurudumu dogo. Ukilizungusha kwa dole gumba, filamu yenyewe ndiyo inayokwenda mbele na kurudi nyuma. Kwa sababu hiyo, kibao kinachoilaza filamu isijikunje huchomolewa kila unapopachika filamu mpya, kisha hurudishwa. Ukikisahau, picha zinaharibika. Ukikipoteza, umebaki na pambo la kabatini. Cha babu kipo. Lenzi yake ni Zuiko, kazi ya Olympus, kampuni iliyoanza mwaka 1919 na kuingia sokoni na hadubini, na jina hilo hadi leo utalikuta kwenye maabara za hospitali.

Nilimrudia mama mdogo na habari hiyo nikiogopa kumuumiza. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Baba hakuwahi kusema kaiteka. Alisema hii ya Wajapani, basi. Ya kuteka tuliongeza wenyewe."

Burma alikwenda, hilo halina shaka; karatasi zake za keya, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, tunazo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa alama ya kichwa cha kifaru, ilipita Bonde la Kabaw katikati ya mvua za mwaka 1944, matope na malaria vikiwaandama askari kuliko risasi, hadi ikaufikia Mto Chindwin pale Kalewa mwezi Desemba. Vita hivyo viliwapitia vijana wengi wa Tanganyika, wakiwamo ndugu wawili wa Dar es Salaam, Abdulwahid na Ally Sykes, waliokuja kuwa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954. Babu yangu hakuasisi chama. Alirudi, akatafuta kazi, akadunduliza, akanunua kamera.

Mimi nasema ukweli huu unaizidi mbali ile hadithi ya blanketi. Mtu amevushwa bahari na Mwingereza akapigane na watu wasiomkosea lolote. Ameugua huko, amezika wenzake huko. Halafu, zamu ya watu wale kukaliwa ilipofika, anatoa fedha zake halali na kununua kitu kilichofanywa na mikono yao, anakipenda, anakitunza ndani ya kopo. Na nchini mwetu, wakati huo, naye alikuwa chini ya bendera ya mwingine.

Aliitumia kuwapiga picha watu wa mtaani kwake. Filamu moja inatoa picha 12 za mraba, sentimita sita kwa sita, kwa hiyo hakuna aliyepigwa picha kwa kubahatisha. Katika albamu aliyobaki nayo mama mdogo, bibi harusi kakaa mkekani na nyuma yake ukuta wa udongo umetandazwa kanga mbili kuficha nyufa. Kijana kashika baiskeli ambayo, kwa namna anavyoishika kwa ncha za vidole, si yake. Watoto wa Idi wamepangwa kwa urefu, wa mwisho kageuza uso. Temeke ile ya minazi na mapaa ya makuti huipati tena popote isipokuwa kwenye karatasi kama hizi.

Negativu zake hatunazo. Zilikuwa kwenye sanduku la bati kwa mjomba, bondeni Mkwajuni, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliondoka nalo. Albamu ilipona kwa kuwa shangazi wa Mbagala alikuwa ameiazima na kukawia kuirudisha. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza kila nyumba ninayoingia: negativu za wazee wenu ziko wapi? Mara nyingi najibiwa kuwa zilitupwa siku ya kuhama, zilionekana ni takataka. Jamani, msizitupe. Picha ikichanika, negativu inaizaa upya.

Kuifufua kamera ilichukua wiki mbili. Kwanza mvukuto: unaingia chumbani usiku, unazima taa, unawasha tochi ndogo ndani ya kamera. Palipotoboka panawaka kama nyota. Nilihesabu matundu tisa, yote kwenye kona za mikunjo. Fundi viatu wa Tandika aliyaziba kwa gundi na vipande vya ngozi laini vilivyonyolewa hadi vikawa vyembamba kama ganda la kitunguu. Shata nilimpelekea fundi saa, maana ndani yake ni springi na magurudumu yenye meno, ndugu kabisa wa saa ya mkononi. Haihitaji betri. Aliisafisha mafuta yaliyoganda, akaisikiliza sikioni, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Filamu yake, ya namba 120, ilianzishwa na Kodak mwaka 1901 na bado inatengenezwa. Ilford ya Uingereza wanaiuza, nami niliagizia kwa ndugu aliyekuwa akirudi safari.

Nilianza na mama mdogo, barazani kwake Kinondoni. Nilipobonyeza, alinyoosha mkono aione. Nikamwambia angoje. "Baba naye alitungojesha," alisema. "Alikuwa akisafisha picha Ijumaa tu."

Nami nilisafisha Ijumaa, bafuni, mlango nimeuziba kwa blanketi. Dawa inataka maji ya nyuzi 20, na maji ya bomba ya Dar es Salaam hayajui nyuzi 20, hivyo nilinunua barafu dukani na kuizamisha kwenye ndoo, kipimajoto mkononi, nikingoja zebaki ishuke. Kisha nikaitundika filamu kwenye kamba ya nguo kwa vibanio viwili, ikichuruzika. Picha zote 12 zilitoka. Kwenye negativu cheupe huwa cheusi. Mvi za mama mdogo, kichwa kizima, zilikuwa nyeusi tii.