Mashine inalia «Mémoire», kumbe depo njo imeoza

Ndosho, pembeni ya barabara ya kwenda Sake, kompyuta moja ya sekretaria inabeba mambo mengi: hesabu ya mifuko ya koltani, deni za timu, na ile kazi ya mwisho ya mutoto wa universite. Siku moja inaanza kulegea. Kufungua ukurasa mumoja, dakika tano. Halafu inaandika «Mémoire insuffisante». Mwenye mashine anakimbia kununua memwari, analipa, anaweka, na mashine inabaki vile vile.

Tuseme kwa lugha ya shimoni. Diski njo depo ya mifuko. Memwari njo turubai, pale munamwaga muchanga na kuchagua mawe. Umeme ukikatika, kila kitu cha juu ya turubai kinapotea. (Ile kadi munaita «memwari» ya telefone ni depo ndogo, si turubai.) Turubai ikijaa, sisteme inarudisha mifuko ingine ku depo, kisha inaikimbilia tena. Ile kurudi-kurudi inakula wakati, na mutu anafikiri diski inagonjwa.

Kinyume chake pia kiko, na njo kinadanganya watu wengi. Windows inachukua kona ya diski ili isaidie memwari. Depo ikijaa filamu na nyimbo mpaka mulangoni, ile kona haiwezi kupanuka, na mashine inalia memwari imekwisha hata kama iko nzima. Hapo dawa ni kufuta. Bakisha giga 10 ao 15 wazi.

Kwa kujua ugonjwa, finya Ctrl, Maj na Échap pamoja. Ku dirisha yenye kufunguka, angalia «Mémoire» na «Disque». Memwari ikipita 90%, turubai ni ndogo: funga kurasa za intaneti, ao ongeza memwari. Lakini uliza kwanza kama Windows yako ni ya 32 bits. Ile ya kompyuta za nyumbani haitumii zaidi ya giga 4. Ukiweka 8, umetupa makuta.

Lakini kama memwari iko nusu tu, na diski inakaa 100% saa nzima huku inasoma mega 1 tu kwa sekonde, ogopa. Zaidi kama unasikia inagonga. Ndani ya diski ya zamani muna sahani yenye kuzunguka, mara nyingi 5 400 kwa dakika, na kichwa kidogo kinapita juu yake bila kuigusa. Ukiiangusha wakati inafanya kazi, kichwa kinaweza kukwaruza sahani. Pale palipoharibika, mashine inarudia kusoma tena na tena. Njo maana inakawia.

Hapo usikubali fundi aanze na «formater», wala ile kontrole ndefu ya diski. Kontrole inasomesha diski nzima kwa masaa, na diski yenye kuwa karibu kufa inaweza kufia pale pale. Kwanza kunakili: kazi ya mutoto, hesabu, picha za familia, ku kle USB ao ku diski ingine. Filamu zingoje.

Kisha, ukiweza, weka SSD. Haina kitu chenye kuzunguka, inavumilia mitikisiko, na mashine nzee inapata mbio. Nayo inakufa, mara ingine bila kugonga hata kidogo, kwa hiyo nakala ibaki.

Na ndani ya mashine hizi kuna vyombo vidogo vya kushika umeme, vingine vya tantale, chuma chenye kutoka ku koltani. Labda jiwe la Rubaya lilishazunguka dunia, likarudi Ndosho ndani ya kompyuta ya mitumba.

Fundi akisema memwari imekufa, mwambie: «Fundi, fungua ile dirisha tuone pamoja.» Akikataa, beba mashine yako. Na hesabu ya timu, muiandike pia ku kaye.