Kwa Nini Tairi Huisha Upande Mmoja?

Mwaka jana baada ya msimu wa pamba, waumini wa parokia yetu huku Bariadi walichanga fedha, wakanunua matairi mawili mapya ya mbele ya motokaa ya parokia. Ni Land Cruiser ya zamani, nayo ndiyo huchukua wagonjwa na akina mama wajawazito usiku kuwapeleka hospitali. Basi kabla ya miezi minne kupita, matairi yale yalikuwa yamekwisha. Upande wa nje nyuzi zilionekana, na upande wa ndani meno yalikuwa mazima.

Mimi ndiye karani niandikaye daftari la fedha. Mzee mmoja wa halmashauri ya walei aliniuliza mbele ya wote, “Mwanangu, matairi tuliyoyalipia yamekwenda wapi?” Alidhani nimefunga makuukuu. Sikuwa na jibu, nikaona aibu kubwa.

Jibu nilipewa na fundi mmoja mtu mzima. Alinishika mkono, akapitisha kiganja changu juu ya tairi. Kutoka nje kwenda ndani palikuwa laini. Kutoka ndani kwenda nje palikwaruza kama msumeno. “Magurudumu yenu yametazamana mno kwa mbele,” akasema.

Msomaji, wewe unayelima kwa plau utaelewa upesi. Ng’ombe wawili wakifungwa nira moja, kisha mmoja akasukuma kuelekea kwa mwenzake, plau itakwenda, lakini shingo zitachubuka. Hali kadhalika magurudumu ya mbele. Kwetu sehemu ya mbele ya magurudumu ilikaribiana kuliko ya nyuma kwa sentimita 1. Ni kidogo, lakini fanya hesabu: tairi la kipenyo cha sentimita 80 likipinda hivyo, huburutwa kando kama mita 6 katika kila kilomita. Kutoka Lamadi mpaka Bariadi ni kama kilomita 70. Maana yake, katika safari moja tairi limekwaruzwa juu ya lami zaidi ya mita 400!

Chanzo nacho kilijulikana. Barabara zetu za udongo mweusi wa mbuga, mvua ikikatika, hukauka na kuacha mifereji migumu kama saruji. Magurudumu hugonga humo, na viungo vya fimbo ya usukani hulegea. Tulikuwa tumevibadilisha katika gereji moja, na fundi wa pale akaifunga fimbo kwa kukadiria kwa macho tu.

Tulitengeneza wenyewe. Kwanza tuliinua kila gurudumu kwa jeki, tukalitikisa kulia na kushoto, kisha juu na chini, maana kiungo au beringi ikilegea, kupima ni kazi bure. Kisha tulizungusha gurudumu huku chaki ikigusa katikati ya tairi, ukatokea mstari. Tukashusha motokaa mahali tambarare, usukani umenyooka, tukaisukuma mbele hatua chache ili ikae vizuri. Ndipo tukapima kwa futi kamba kati ya mistari miwili, mbele ya magurudumu na nyuma yake, kwa kimo kilekile. Fimbo ina vibano ncha zote mbili. Ukivilegeza na kuizungusha, hurefuka au hufupika. Kipimo kamili kimo katika kitabu cha gari. Sisi tuliacha milimita 2. Usisahau kukaza vibano!

Tairi likiliwa ndani na kukwaruza kinyume cha letu, magurudumu yametanuka kwa mbele. Likiisha katikati, upepo umezidi. Likiisha kingo zote mbili, upepo ni mdogo. Motokaa ndogo, ambazo kila gurudumu la mbele lina springi yake bila ekseli moja nzima, zina vipimo vingine pia, nazo ni afadhali zipelekwe kwenye mashine mjini.

Matairi mengine tuliyanunua kwa mkopo, na deni bado tunalilipa. Tangu hapo napima meno yake kila mwisho wa mwezi, ndani na nje, na kuandika katika daftari lilelile la fedha. Mzee yule huja kulisoma. Juzi alileta futi kamba yake mwenyewe.