Dawa za Kulevya za Viwandani: Tuwaambie Wanafunzi Ukweli, Tusiwatishe

Mwanafunzi anayevuka kwa kivuko kutoka Kigamboni hadi Magogoni, akapita soko la samaki la Feri na kupanda daladala kwenda Kariakoo, ameshaona mengi kuhusu dawa za kulevya kabla sisi mafrateri hatujafika shuleni kwake. Ameona kijana aliyesinzia huku amesimama, ameinama karibu kugusa lami, lakini haanguki. Maneno kama “unga”, “kete” na “arosto” anayajua. Kwa hiyo swali la makala haya ni hili: tumwambie nini ambacho mtaa haujamwambia, naye akakiamini?

Kwanza tufahamu tunazungumzia nini. Bangi na mirungi ni mimea. Heroini iko katikati: huanza na utomvu wa mpopi, kisha hubadilishwa kwa kemikali. Dawa za viwandani zinaweza kutengenezwa kwa kemikali tupu, bila shamba wala msimu wa mvua. Mojawapo ni methamfetamini, ambayo wengi huiita “meth”. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza Japani mwaka 1893. Nyingine ni fentanili, iliyobuniwa na Paul Janssen wa Ubelgiji kama dawa ya kutuliza maumivu makali. Nguvu yake hukadiriwa kuwa mara 50 ya heroini. Hospitalini hupimwa kwa uangalifu mkubwa, lakini mtaani hakuna anayeipima.

Jambo hili halipo mbali nasi. Desemba 2023, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (DCEA) ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa. Sehemu kubwa zaidi ya shehena hiyo ilikuwa methamfetamini. Huko Sierra Leone, Aprili 2024, Rais Julius Maada Bio alitangaza hali ya dharura ya kitaifa kwa sababu ya “kush”, mchanganyiko unaovutwa ambao ndani yake zimekutwa kemikali kali za viwandani. Waathirika wengi ni vijana.

Hatari ya dawa hizi ina sababu mbili ambazo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzielewa vizuri. Ya kwanza ni kipimo. Kidonge cha duka la dawa kina jina, kiasi na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kete haina. Anayeiuza mara nyingi hajui kilichomo, kwa kuwa imepita mikono mingi na kila mkono umeongeza chake. Katika fentanili, miligramu mbili tu, yaani punje chache kama za chumvi, zaweza kumuua mtu asiyeizoea. Dawa za kundi hilo, pamoja na heroini, hupunguza kasi ya kupumua hadi pumzi ikasimama.

Sababu ya pili ni ubongo wenyewe. Tukila tukiwa na njaa au tukifaulu mtihani, ubongo hutoa kemikali iitwayo dopamini, nasi tunajisikia vizuri. Methamfetamini huifungulia dopamini kama bomba lililopasuka. Mtu hukesha bila usingizi wala njaa, moyo ukienda mbio. Baadaye huanguka katika huzuni nzito, na wengine huingiwa na hofu kwamba kila mtu anawafuatilia. Kadiri anavyorudia, mambo ya kawaida, kama chakula, mpira na marafiki, hayampi tena furaha. Isitoshe, sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuzuia pupa, haikomai kabla ya miaka ya ishirini na kitu. Mwanafunzi wa miaka 15 anaguswa mahali ambapo bado panajengwa.

Hapo ndipo wengi wetu, kwa nia njema, hutumia vitisho: “Ukionja mara moja tu, umekwisha.” Lakini mwanafunzi anamjua mwenzake aliyeonja na bado yuko darasani. Tangu siku hiyo hatuamini tena, hata tunaposema kweli. Marekani wameliona hili. Mwaka 1983, huko Los Angeles, ilianzishwa programu ya D.A.R.E., ambapo polisi waliingia madarasani kuwaonya watoto. Baadaye watafiti waligundua kwamba waliopitia programu hiyo walitumia dawa karibu sawa na wasioipitia. Mwongozo wa kimataifa wa kinga uliotolewa upya mwaka 2018 na Umoja wa Mataifa kupitia UNODC na Shirika la Afya Duniani nao unaonya kwamba vitisho na hotuba ya siku moja havisaidii.

Ukweli unatosha. Tumwambie mwanafunzi: si kila aonjaye huwa mraibu, lakini hakuna ajuaye mapema kama yeye ni yule atakayenaswa, na kete ya kwanza yaweza kuwa na kipimo cha kuua. Kisha tumfundishe la kufanya. Wanafunzi wa TYCS, kwa mfano, wanaweza kukaa katika vikundi vidogo, wiki kwa wiki, wakifanya mazoezi ya kukataa mbele ya rafiki anayesema “acha ushamba”. Wajue pia kwamba mtu aliyelala haamki, anapumua kwa shida na midomo imebadilika rangi, hamwagiwi maji akaachwa. Hulazwa ubavu na kukimbizwa hospitali mara moja.

Sisi tunaosoma falsafa tunaona hapa suala la uhuru. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba ubaya wa ulevi ni mtu kujinyima kwa hiari matumizi ya akili, kipawa kinachomwezesha kutenda mema na kuepuka mabaya. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2291, inaona matumizi ya dawa za kulevya pasipo sababu ya tiba kuwa kosa zito, na inalaani utengenezaji na biashara yake. Lakini tukumbuke kwamba katika darasa la wanafunzi 60 huenda yupo ambaye kaka yake ni mraibu. Tukimwita kaka huyo “teja”, tumemfungia mdogo wake mdomo. Papa Fransisko, tarehe 26 Juni 2024, aliwaita wafanyabiashara wa dawa hizo wauaji, akasisitiza kwamba kila mraibu ana historia yake na anastahili kusikilizwa.

Mwanafunzi huyo aondoke akijua mlango wa kugonga. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini mwaka 2011, na huduma hiyo imeenea katika hospitali nyingine. DCEA hupokea simu kupitia namba 119. Yupo mwalimu wa malezi, na yupo paroko. Basi ndugu walimu, wazazi na walezi wa TYCS, kabla ya kuwaalika wanafunzi kuuliza, tukubaliane sisi kwa sisi kwamba atakayekuja kusema “nimeshaonja” hatakutana kwanza na fimbo.