Asidi za Nyongo na Vijiwe vya Kolesteroli

Nyongo, ambayo mchinjaji wa Bunda au Butiama mkoani Mara huitenga kwa uangalifu isije ikapasukia nyama na kuitia uchungu, ni majimaji yanayotengenezwa na ini na kuhifadhiwa katika kifuko kidogo kilicho chini yake. Kwa kuwa sehemu yake kubwa ni maji, kolesteroli, ambayo ini huitoa mwilini kwa njia hiyo, isingeweza kusafiri humo bila msaidizi. Msaidizi huyo ni asidi za nyongo, molekuli ambazo ini huziunda kutokana na kolesteroli yenyewe, na ambazo upande wake mmoja hupenda maji na wa pili hupenda mafuta. Kama sabuni inavyong'oa mafuta ya sangara yaliyogandia sufuria, ndivyo asidi hizo, zikishirikiana na mafuta yaitwayo lesithini, zinavyoizingira kolesteroli na kuifanya ielee ndani ya nyongo bila kuganda.

Mwaka 1968 watafiti wa Marekani, Admirand na Small, walionyesha kwamba yote hutegemea uwiano wa vitu hivyo vitatu: kolesteroli ikizidi, au asidi zikipungua, ziada hujitenga kama chembe za fuwele, ambazo hunaswa katika ute wa kifuko na kukua polepole hadi kuwa vijiwe, hasa pale kifuko kinapozembea kujikamua. Mimba, homoni ya estrojeni, unene na kupungua uzito kwa ghafla huusukuma uwiano huo upande mbaya.

Akiba yote ya asidi hizi kwa mtu mzima ni gramu 2 hadi 4 tu, nayo huzunguka kati ya ini na utumbo mara kadhaa kwa siku, huku takriban asilimia 95 ikifyonzwa tena mwishoni mwa utumbo mdogo. Kiasi kidogo kinachoponyoka hadi utumbo mpana hubadilishwa na bakteria, na mojawapo ya mazao yao, asidi ya deoksikoliki, ikizidi huandamana na nyongo iliyojaa kolesteroli. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyewahi kufanya kazi Mulago, Kampala, pamoja na mwenzake Hugh Trowell, walishikilia kwamba vijiwe hivi ni nadra vijijini Afrika kwa sababu ya vyakula vyenye nyuzinyuzi, na majaribio ya Uingereza ya miaka ya 1970 yaliona pumba za ngano zikiipunguza asidi hiyo ya deoksikoliki. Kwa mtazamo huo, ugali wa mtama na wa ulezi unastahili heshima zaidi kuliko sembe iliyokobolewa. Hata hivyo, hoja ya unadra ichukuliwe kwa tahadhari, kwani vijiwe vingi havina dalili, na pasipo altrasaundi hakuna anayeviona.

Elimu ya asidi za nyongo ilizaa dawa. Mwaka 1972 ilionyeshwa kwamba asidi ya kenodeoksikoliki ikimezwa huweza kuyeyusha vijiwe vya kolesteroli, na baadaye nafasi yake ikachukuliwa na asidi ya ursodeoksikoliki yenye madhara machache. Lakini ni lazima vijiwe viwe vidogo na visivyo na chokaa, tiba huchukua miezi mingi, na kwa takriban nusu ya waliopona vijiwe hurudi ndani ya miaka 5; ndiyo maana tiba kuu ya vijiwe vinavyouma imebaki kuwa kukiondoa kifuko chenyewe kwa upasuaji.

Kwa mkoa wa Mara liko jambo zito zaidi. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye selimundu kwa wingi, ugonjwa ambao chembe nyekundu za damu hupasuka mapema na kumwaga bilirubini, rangi ambayo ikizidi katika nyongo huungana na kalsiamu na kufanya vijiwe vyeusi, hata kwa watoto. Vijiwe hivyo si vya kolesteroli, na asidi ya ursodeoksikoliki haiviyeyushi hata ikimezwa kwa miaka. Mtoto mwenye selimundu wa Musoma, Bunda au Butiama anayelalamikia maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu, hasa yakiandamana na homa au macho kuzidi kuwa ya manjano, apelekwe hospitali siku hiyohiyo na apimwe kwa altrasaundi.