Komandoo Anashukaje kwa Kamba Bila Kuanguka?

Umewahi kuona makomandoo wa JWTZ wakishuka kwa kamba kutoka ghorofani? Mtu, buti, silaha na begi, tuseme kilo 100, vinaning'inia kwenye kamba isiyozidi unene wa kidole, naye anajizuia kwa mkono mmoja tu. Wengi tunasema, "Jamaa ana nguvu!" Kumbe kazi kubwa inafanywa na msuguano.

Ukiwa Kalinzi, kwenye miteremko ile ya kahawa, mtu anayezuia ng'ombe mkaidi hashindani naye. Anazungusha kamba kwenye mti, basi. Wewe jaribu hivi: pitisha kamba juu ya boriti laini, upande mmoja funga ndoo ya maji ya lita 20. Kwa msuguano wa kawaida, ukiongeza mzunguko mmoja kamili, uzito unaobaki mkononi unagawanywa kwa zaidi ya 6. Mzunguko wa pili unagawanya tena kwa 6. Kilo 20 zinakuwa kama 3, halafu kama nusu kilo! Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, aliionyesha hesabu hii tangu karne ya 18.

Askari hana mti kiunoni. Ana kifaa cha alumini, mara nyingi chenye umbo la namba nane, na kamba inajipinda ndani yake. Mkono wa chini ndio breki: akiukaza na kuurudisha nyuma ya nyonga, kamba inajipinda zaidi, msuguano unapanda, anasimama. Akiuachia, anaporomoka.

Sasa, nishati inaenda wapi? Kilo 100 zikishuka mita 30 zinatoa jouli 29,400 hivi, zinazotosha kuchemsha maji ya kikombe kidogo cha kahawa. Karibu yote inageuka joto kwenye kile kifaa na kamba. Nailoni huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 220 hivi za Selsiasi. Ndiyo maana askari huvaa glavu, na ndiyo maana mkufunzi humfokea anayeshuka kwa mbwembwe: ukienda kasi, joto halipati muda wa kutoka, na ukisimama ghafla, kifaa cha moto kinakaa sehemu moja ya kamba. Isitoshe, breki ya ghafla huongeza mzigo pale kamba ilipofungwa.

Je, mkono ukiteleza? Mtazame yule aliyesimama chini ameshika ncha ya kamba. Usidhani anazubaa. Akiivuta ikakaza, kifaa kule juu kinabana na mwenzake anasimama hewani. Mita 30 bila breki ni kufika chini kwa kasi ya karibu kilomita 87 kwa saa, kwa hiyo sekunde moja ya kuchezea simu inaweza kumgharimu mtu maisha.

Jaribio la ndoo lifanye hata leo, ila usisimame chini yake. La kushuka mwenyewe, subiri mkufunzi.