Kodi ulilipa, ushahidi uko wapi?

Umepanga chumba Kisauni. Mwenye nyumba anadai kodi ya Machi 2024 hukulipa, na meseji ya malipo uliifuta simu ilipojaa. Usilipe mara ya pili kabla hujaangalia barua pepe.

Kama uliomba taarifa ya miamala wakati ule, huenda bado ipo. Kwenye Gmail, gusa sehemu ya kutafuta, andika jina la kampuni ya malipo, kisha:

after:2024/03/01 before:2024/07/01 has:attachment

Hapo zitakuja barua za kipindi hicho zenye faili pekee. Fungua taarifa, tafuta tarehe, kiasi na namba ya muamala. Kama hukuwahi kuomba taarifa, omba sasa.

Kikasha kikijaa, barua hizi usizifute, ziweke kwenye kumbukumbu. Zitaondoka mbele ya macho, lakini ukitafuta utazipata. Ukifuta, hukaa kwenye tupio siku 30, halafu basi, zimepotea.

Mwenye nyumba mwonyeshe mstari wa malipo hayo tu. Faili nzima ina majina na namba za watu wengine. Na PIN? Usimpe mtu yeyote, hata sisi.