Mafua, shimo na kale kamlango ka sikio

Mtu wa Kamina anayeenda kutafuta kazi Likasi ao Kolwezi kwa treni anapita Bukama. Kamina iko karibu mita 1,100 juu ya bahari. Bukama, pale ku Lualaba, iko karibu mita 600. Treni inashuka polepole, basi wengi hawasikii kitu. Lakini mwenye mafua anajishika sikio, na mtoto mdogo analia bila mama kujua sababu.

Mu shimo ya mine, ile mambo inakuwa kubwa zaidi. Pale Kipushi, shimo nambari 5 inafika karibu mita 1,200 chini, na lifti inashusha watu kwa dakika chache tu. Kamarade wengi wanasema: «Matwi inaziba, itafunguka yenyewe.» Mara nyingi ni kweli. Lakini si kila siku, na ni vizuri kila mtumikaji ajue sababu.

Hewa iko na uzito. Ukishuka, hewa iliyo juu yako inaongezeka na inakuminya zaidi. Kwa mita 1,200, nguvu yake inaongezeka zaidi ya sehemu moja juu ya kumi. Nyama na damu havisikii tofauti. Lakini nyuma ya ngoma ya sikio kuko kachumba kadogo kenye hewa, pamoja na mifupa mitatu midogo inayopeleka sauti ndani. Kama hewa ya kale kachumba inabaki ileile ya juu, na ya inje imekuwa ya chini ya shimo, ngoma inasukumwa ndani. Njo kuziba, njo maumivu.

Kachumba kako na mlango mmoja tu: kamrija ka sentimita 3 na nusu hivi kwa mtu mkubwa, kanatoka ndani ya sikio mpaka nyuma ya pua. Waganga wanakaita kwa jina la Bartolomeo Eustachi, muganga wa Italia wa miaka ya 1500. Karibu wakati wote kamefungwa. Ukimeza mate, ukipiga mwayo ao ukitafuna, misuli ya juu ya koo inakavuta, kanafunguka kidogo, hewa inapita. Kale kamlio unakosikia ndani ya sikio, njo mlango unafunguka. Hata ukilala nyumbani, ngozi ya kachumba inakunywa hewa polepole, na kila ukimeza unarudisha ingine.

Kupanda ni rahisi: hewa ya ndani inasukuma mlango yenyewe na kutoka. Kushuka njo kazi, kwa sababu lazima wewe mwenyewe ufungue. Ukikawia sana, hewa ya inje inaminya mlango mpaka misuli inashindwa.

Sasa weka mafua juu yake. Ngozi ya pua inavimba, na mlango unavimba vilevile. Mtu anameza, hakuna kitu. Ngoma inavutwa, maji ao damu inaweza kujaa mu kachumba, na siku ingine ngoma inapasuka. Wengine wanashikwa na kizunguzungu. Kizunguzungu karibu na shimo ao mashine si mchezo.

Basi tufanye nini? Anza kumeza mate toka lifti inaondoka, usingoje maumivu. Bonbon ao chingamu inasaidia. Unaweza kufunga pua na vidole, kufunga kinywa, na kusukuma pumzi polepole. Usisukume kwa nguvu. Mama aliye na mtoto mu treni ao mu ndege, amupe titi wakati wa kushuka: kunyonya ni kumeza. Kamrija ka mtoto ni kafupi na kamelala zaidi, njo maana mafua yake yanafika sikio haraka. Mtoto asiyeitika akiitwa, usimupige. Pengine maji imejaa nyuma ya ngoma na hasikii vizuri. Usaha ao damu ikitoka, usimimine mafuta wala dawa ya majani. Peleka hopitali. Mtu mkubwa pia, kama sikio haifunguki kisha siku chache.

Kuko kitu kingine tusichanganye. Sikio iliyoziba kwa mafua inarudi. Ile iliyoharibika kwa kelele ya kompresa na ya kutoboa mawe hairudi, kwa sababu nywele ndogo za sikio ya ndani zikikufa haziote tena. Mtumikaji anayesema «ni mafua tu» mwaka mzima, pengine si mafua. Aombe kupimwa masikio, na matokeo aandikiwe ku karatasi.

Siye wa sendika tunajua shida iko wapi. Mtu anashuka na gripi kwa sababu anaogopa kukatwa siku ku mushara. Lakini Code du Travail ya 2002 inataka komite ya usalama ku kazi. Pale iko, wawakilishi walete hii neno mezani: mwenye mafua makali aseme mbele ya lifti, apewe kazi ya juu siku mbili tatu, bila kupoteza mushara. Kwa mwenye mine ni siku mbili tatu tu. Kwa mtumikaji, ni sikio yake.